Aliyesimama Pembeni ya Picha

Kenton, London
14 Januari 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua hakikusumbui na hizo mvua. Sisi huku tuko salama. Mkweo Noel ana mafua yake ya kila Januari, Natasha anarefuka mpaka suruali zinamkimbia, na mimi zamu za wodini zinanikimbiza lakini sijambo.

Usishtuke kupata barua wakati tuliongea Jumapili. Kwenye simu wewe unasema nzuri, mimi nasema nzuri, unaniuliza kama theluji imeanguka, basi, tumeagana. Mtu aliyegonga mihuri kwenye barua za watu mpaka akastaafu, nimeona nimfuate kwa njia yake.

Nina jambo jipya, na najua utacheka. Natengeneza kitabu cha kumbukumbu. Si albamu ile ya kuchomeka picha na kuifunga kabatini. Hapa Kenton kuna mama mmoja wa Kihindi, anaitwa Seema, mzaliwa wa Nakuru. Ana duka la vifungo, nyuzi na karatasi. Jumamosi wanawake hukaa kwenye meza ndefu ya nyuma, kila mmoja na picha zake, mkasi wake na gundi yake. Mimi niliingia kununua zipu ya sketi ya Natasha. Nikatoka saa kadhaa baadaye bila zipu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaanza na tukio, picha zinafuata. Ukurasa wangu wa kwanza ni wa siku Noel alipokwenda Southall kutafuta mihogo, akapanda treni ya kuelekea upande mwingine, akarudi jioni na begi zito na hasira nzito zaidi. Ninayo picha yake mlangoni amekumbatia mihogo kama mtoto mchanga. Nikatafuta risiti, na kipande cha mfuko wa karatasi chenye udongo wa mihogo yenyewe. Nikashika gundi. Seema akanikamata mkono. "Gundi ya mwisho, mama! Kwanza panga. Halafu kunywa chai. Halafu tazama tena, utaona wapi kunauma."

Kweli, niliporudi na kikombe nikaona Noel amewekwa katikati kama mgombea ubunge. Nikamsogeza kushoto, nikamwinamisha kidogo, risiti nikaipandisha juu. Papo hapo picha ikaanza kuchekesha. Baba, nilipata furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kazini nafanya vitu ambavyo kesho vinafanywa upya. Hiki kilibaki.

Natasha alipouona akaniuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kama bibi aliyefariki naye ana ukurasa. Nikamwambia bado. Basi nataka kutengeneza kitabu cha nyumbani. Naomba picha zozote ulizonazo, za Mama na zako, za zamani na za sasa, na chini ya kila moja uandike kwa mkono wako ilikuwaje. Mwandiko huo huo nitaubandika.

Nisalimie majirani wote.

Mwanao,
Adelina


Njombe
11 Februari 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Barua yako imefika, na bahasha ilikuwa imegongwa muhuri vizuri, siyo kama hawa wa siku hizi wanaogonga pembeni kama wanafukuza nzi. Kifua kimetulia. Mvua ni nyingi, viazi vimeota kwa fujo, ukungu hautoki mpaka mchana. Pole kwa Noel na mafua. Mpe tangawizi, asijitie uzungu.

Nimewaeleza wenzangu baada ya misa kwamba mwanangu muuguzi wa London Jumamosi anakata karatasi na kuzibandika. Mmoja akauliza kama mshahara umepungua. Nimekutetea.

Nakutumia picha ya ndoa yetu. Utaona mama yako amefumba macho. Mpiga picha alisema atahesabu mpaka tatu, akapiga kwenye mbili. Picha ilipotoka studio mama yako aligoma kuitazama. Alisema, "Yaani nimelala siku ya ndoa yangu mwenyewe!" Tulipokuwa tukigombana, miaka na miaka baadaye, alikuwa akinikumbusha kwamba alikubali akiwa usingizini. Nimeyaandika hayo kwenye kadi niliyoiambatanisha, kwa wino mweusi, ukate unavyotaka.

Ya pili ni ya mwezi uliopita. Pale palipokuwa na banda la ng'ombe sasa nimepanda parachichi. Mimi ndiye mwenye kofia. Aliyesimama pembeni ni Vaileth Mlowe, ndiye aliyeniuzia miche na kunionyesha namna ya kuchimba mashimo, maana ya kwangu aliyaita makaburi ya panya. Ana kitalu chake karibu na mto. Ni mjane. Ana sauti kubwa, na mbwa wetu anamtii kuliko anavyonitii mimi. Juzi alileta kabichi tukapika. Ni mtu mzuri kwa mazungumzo.

Mjukuu wangu umwambie babu anamsalimu kwa Kiswahili na anangoja kujibiwa kwa Kiswahili.

Baba yako,
Francis


Kenton
10 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Sisi wazima, baridi imelegea, na mafua ya Noel yamehamia kwa Natasha. Wewe je, na hayo mashimo ya parachichi hayajakuumiza mgongo?

Nimecheka habari ya Mama mpaka Seema akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsimulia na kuwatafsiria wengine, meza nzima ilicheka. Ukurasa wake umenichukua Jumamosi tatu. Kwanza nilitaka maua mengi na lesi. Nikapanga, nikanywa chai, nikatazama. Ulikuwa ukurasa wa bibi harusi yeyote. Mama angeguna. Nikaondoa maua yote, nikabakisha picha moja kwenye karatasi nzito ya rangi ya chai, na chini yake mwandiko wako, na kipande cha kile kitenge chake cha bluu nilichokuja nacho. Kitenge ndicho kilichonitoa jasho. Ukikikata kwa mkasi wa kawaida kinatoa nyuzi, ukikipaka gundi nyingi kinakuwa kigumu kama ngozi. Nilijaribu kwenye shuka la zamani kwanza, mpaka nikapata.

Ukurasa wako nao tayari. Nakutumia fotokopi za rangi za kurasa zote mbili. Wako nimeupa jina "Mkulima", kwa herufi nilizokata kwenye mfuko wa mbegu. Picha ilikuwa pana mno, na yule mama wa miche alikuwa na sweta jekundu linalovuta macho yote kwake, nikampunguza. Sasa mtu akifungua anakuona wewe kwanza. Seema amesema ndio ukurasa wangu bora.

Niambie umeuonaje.

Mwanao,
Adelina


Kenton
12 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Sisi wazima.

Mwezi wa nne umepita, huu nao uko katikati, na sijaona barua. Kwenye simu nakuuliza kama fotokopi zilifika, unasema "zilifika", halafu unaniambia habari za mvua. Jana nilikuuliza kama unaumwa, ukasema mbolea imeadimika. Baba, mimi nimezoea wagonjwa wasiotaka kusema panapouma. Naujua mwendo huo.

Kama nimekosea kwenye ukurasa wa Mama, niambie. Labda kitenge kisingekatwa?

Mwanao,
Adelina


Njombe
2 Juni 2024

Adelina mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili, usihangaike. Baridi ya huku imeanza, asubuhi majani yanakuwa meupe. Natumaini nyote mna afya.

Ukurasa wa mama yako hauna kosa. Niliutazama peke yangu sebuleni na nikaongea naye kidogo. Kitenge umekikata vizuri.

Tatizo ni ule wa pili. Siku bahasha ilipofika nilifurahi kupita kiasi. Vaileth alikuwa nyuma anamwagilia miche, nikamwita kwa sauti, "Njoo uone tulivyobandikwa London!" Nikamkabidhi kabla mimi mwenyewe sijatazama sawasawa. Alijifuta mikono kwanza, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaitazama. Akasema, "Mwanao ana mkono mzuri wa mkasi." Akanirudishia, akachukua ndoo yake, akaondoka. Hapo ndipo nilipoangalia nikaona pembeni ya bega langu umebaki uzi mwembamba wa sweta jekundu, basi.

Adelina, mimi nataka kumwoa Vaileth.

Nilitaka kukuandikia hivyo Februari, kalamu ikakataa. Nikatuma picha. Nilidhani utaitazama na utaona mwenyewe, nawe utaniuliza, nami nitajibu. Kumbe wewe ulikuwa unatazama rangi. Sikulaumu, ungejuaje? Lakini niliumia, na kila nilipokaa kuandika niliona nitaandika maneno ya kuumiza. Nikaamua ningoje.

Tangu siku ile haji. Nikipita kitaluni kwake ananisalimia vizuri sana, kama mteja. Nimemweleza kwamba hukujua. Akaniambia, "Basi ndiyo hivyo, hajui. Na wewe ndiye hukumwambia." Na ni kweli.

Mama yako ana mwaka wa nne sasa kaburini. Nimempenda na sijaacha. Lakini nyumba hii, ukipika chakula cha mtu mmoja, hata sufuria inaonekana inakushangaa. Na Vaileth ananichekesha. Sijui niseme nini zaidi.

Baba yako,
Francis


Kenton
7 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri kiafya. Natumaini baridi haijakuingia kifuani, na kwamba unavaa ile fulana ya sufu badala ya kuitunza.

Barua yako niliisomea kituoni, basi langu likaja likaondoka. Nilikasirika. Najua huna kosa la kuoa, na nilikasirika tu. Wiki ileile niliyombandika Mama akiwa amefumba macho, ndiyo niliyokuwa nabandika mtu mwingine bila kujua, na bila kujua nikamwondoa. Nikaona kama nimefanyiwa mchezo. Sikwenda kwa Seema Jumamosi tatu. Noel aliniambia, "Mzee anakula ugali peke yake na wewe unalilia karatasi." Nikamnunia mpaka kesho yake, hasa kwa sababu alikuwa amesema ukweli.

Natasha ndiye aliyenifungua. Aliuliza swali moja tu: huyo mama ni mtu mzuri? Nikagundua sijui. Ninachojua ni sweta.

Basi nikarudi dukani. Nilitafuta kile kipande nilichomkata kwenye boksi la mabaki, hakipo, kilikwenda na takataka. Nikajaribu kuing'oa picha yako ili niibandike upya kwa nafasi kubwa, gundi ikashinda, shati lako likachanika kuanzia kola hadi mfukoni. Nikakaa pale nikalia mbele ya wanawake wote. Seema akaniletea chai, akautazama ukurasa, akasema, "Hii imekwisha, mama. Fanya ingine." Hivyo tu. Hana maneno mengi ya kufariji. Lakini nilimwelewa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ndogo ya kwake Vaileth. Tafadhali usiifungue, mpelekee hivyohivyo. Nimemwomba radhi, na nimemwomba achague picha yake mwenyewe anayoipenda, anitumie pamoja na maneno ya mkono wake, nimpe ukurasa mzima.

Na wewe, Baba, siku nyingine ukiwa na neno, liandike. Mimi si hodari wa kusoma picha kama nilivyodhani.

Mwanao,
Adelina


Njombe
18 Agosti 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba, na ahsante. Fulana naivaa. Baridi imeanza kupungua na miche imeshika yote isipokuwa ule uliokanyagwa na mbwa.

Nilipeleka barua kitaluni. Aliisoma amesimama, kisha akatafuta ndoo akaigeuza, akaketi, akairudia. Nikamuuliza imeandikwa nini. Akasema ni mambo ya wanawake, nikamate jembe. Nikakamata jembe. Nilipalilia mstari mzima, na nilipoinua kichwa alikuwa bado ameishika.

Picha hatatuma. Haya ndiyo maneno yake, aliniambia niyaandike kama yalivyo nisiyapake sukari: "Mwambie mimi situmi picha kwa mtu asiyeijua sauti yangu. Aje. Akishaniona, akitaka kunikata tena, atakuwa anakata anachokijua."

Usimchukulie vibaya. Alisema anacheka. Nusu anacheka.

Anakuja tena nyumbani. Jana alileta mahindi mabichi, akamkaripia mbwa, akaniuliza kwa nini mapazia hayafuliwi. Padri amekubali ndoa iwe baada ya Krismasi, tarehe ishirini na nane Desemba, misa ya asubuhi, watu wachache. Sikuombi ruhusa, mwanangu, umri huu ningeona aibu. Nakuomba uwepo.

Baba yako,
Francis


Kenton
26 Januari 2025

Wapendwa Baba na Mama Mdogo,

Shikamooni. Tumefika salama, makoti yetu yananuka moshi wa jikoni kwenu na sitaki kuyafua. Noel alitupokea uwanja wa ndege na mafua. Natumaini nyote wazima, na kwamba mguu wa Baba uliokanyagwa wakati wa kucheza umepona.

Jumamosi niliingia dukani na picha zote za harusi. Nikazimwaga mezani, Seema akashika kichwa. Nimezipanga na kuzipangua. Zipo nzuri ambazo kila mtu anatazama mbele, nimeziacha. Nimechagua ile ambayo Padri anatafuta miwani, Baba anacheka, Mama Mdogo anamwonyesha Padri kwamba iko kifuani kwake. Natasha ndiye aliyechagua karatasi, ya kijani kibichi mno, na hakukubali ushauri.

Kilichobaki ni maelezo. Nimeyaandika hapa kabla sijayanakili, someni mniambie nilipokosea:

"Tulishuka stendi Njombe kwenye ukungu. Mwanamke mwenye buti za mpira alikuwa anabishana na utingo juu ya begi letu hata kabla hajatusalimia. Alilishinda lile bishano, akajitwika begi, ndipo akanitazama. Akasema, 'Wewe ndiye mwenye mkasi.' Nikasema ndimi. Akasema, 'Basi kuna viazi vya kumenya.' Nilimenya mpaka jioni, yeye akinieleza mbegu ipi inachelewa kuiva na kwa nini, na sikuona tulipoacha kuogopana.

"Natasha alimsemesha Kiingereza. Alijibiwa kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kumkaripia mbwa. Siku ya tatu nilimsikia mwanangu akiwa uani anasema, 'Bibi, kuku ameingia ndani!' Nilibaki na sahani mkononi.

"Kabla ya harusi nilimwambia nakwenda makaburini kumpalilia Mama. Akachukua jembe akanifuata. Getini akasimama. Akasema, 'Sijawahi kuingia humu. Bila wewe niliona si mahali pangu.' Nikamwambia, 'Karibu.' Tulipalilia, yeye upande wa miguuni, mimi upande wa kichwani. Tulipomaliza akamwambia Mama jina lake, na ukoo wake, na kwamba mzee anakula vizuri. Kisha tukarudi kuosha mikono, maana wageni walikuwa wanafika."

Baba, kama hapo kwenye makaburi ungependa nipunguze, sema. Mimi nisingependa.

Natasha ananing'ang'ania kalamu. Anasema na yeye ana jambo lake la kuandika, bila mimi kumsahihisha. Nimemwachia nafasi hapa chini. Kaeni salama, na mapazia yale nimeyakumbuka, nitatuma kitambaa.

Mwanenu,
Adelina

Babu na Bibi Vaileth, shikamoo. Mimi ni mzima. Hapa ni baridi na shule. Ile kuku nyeusi inayolala kwa kiti ni yangu, nimempa jina lake ni Duchess. Tafadhali msikula yeye. Hata kama wageni anakuja. Mimi narudi mwezi wa nane.

Mjukuu wenu,
Natasha